Funguo za Bibi Alfajiri

Kila alfajiri, kabla ya misa, Sista Pole aliwasha mishumaa ya altare huku masikio yake yakiwa nje. Kwanza angesikia viatu vya Sista Mkuu vikipita ukumbini, ko, ko, ko, bila haraka. Kisha funguo zikigongana kiunoni mwake. Kisha kitasa cha bweni la wadogo, wale wa kidato cha kwanza, kikilia kwa uzito wake wa siku zote, na ile sauti nene ikisema, "Amkeni, wanangu. Tumsifu Yesu Kristo." Hapo ndala zingeanza kuburuzwa sakafuni, na Sista Pole angepuliza kiberiti akijua dunia bado iko mahali pake.

Asubuhi hiyo viatu vilipita. Funguo ziligongana. Viatu vikaendelea kupita.

Sista Pole alisimama na njiti mkononi mpaka moto ukamfikia kidole. "Pole," akaiambia njiti. Hiyo ndiyo sababu ya jina lake. Alikuwa na shahada ya biolojia na hati nzuri ubaoni, lakini wasichana walimkumbuka kwa jambo moja tu: akigonga kiti, alikiomba radhi.

Baada ya kitambo Sista Mkuu aliingia kanisani, akapiga goti, akaketi mahali pake pa mbele. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi. Ndala hazikuja. Sista Pole alitega sikio. Kwa mbali alisikia kitu kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu akatambua kuwa si mawe. Ni mikono ya watoto kwenye mlango wa mbao.

Alimsogelea Sista Mkuu, akainama. "Mama, wadogo hawajatoka."

"Wanakuja." Macho yalikuwa yamefumbwa. "Nimewafungulia mwenyewe."

"Lakini Mama, nasikia kama..."

"Sista."

Neno hilo moja lilitosha. Sista Pole aliufumba mdomo wake kama alivyofundishwa tangu unovisi, miaka ya mafunzo ya utawa, na huenda angebaki pale mpaka padri aingie, kama huko nje sauti nyembamba isingepaa: "Moto! Moto jamani, tunaungua!"

Alikimbia. Shela ilimtoka kichwani ikabaki shingoni, na hakuiona.

Nyuma ya bweni moshi ulikuwa umetanda mzito, wa rangi ya maziwa yaliyoharibika, ukiingia kwenye madirisha yenye nondo. Mpishi alikuwa dirishani na mwiko wake mkononi, anahema, machozi yanamtiririka. "Si moto, wanangu! Ni kuni zangu mbichi tu! Mvua imezinyeshea! Nani kawaambia moto?" Lakini aliyejaa moshi kifuani hasikii habari za kuni. Ndani watoto walikuwa wanalia kwa sauti moja isiyo na maneno. Matroni alikuwa anauvuta mlango kwa mikono miwili, kitenge kimemfunguka, hajali.

"Funguo, Sista! Ziko wapi? Huyu mdogo wa pumu yumo humu!"

Funguo zilikuwa seti moja tu, na zilikaa mahali pamoja tu, kiunoni mwa Sista Mkuu. Ndipo Sista Pole alipokumbuka kitu alichokiona kanisani bila kukitazama: mkanda wa Sista Mkuu ulikuwa mtupu.

Viatu vilipita, akawaza. Vilipita, vilienda wapi? Alishika njia ile ile ya viatu, akapita chumba cha kufulia, akapita matangi ya maji, mpaka jengo la zamani la mwisho kabisa, lenye ukuta uliomea kuvu. Siku hizi lilikuwa stoo ya madawati mabovu. Mlango wake ulikuwa wazi, na funguo zinaning'inia kitasani.

Hakuwa na haja ya kuingia. Lakini jicho halina adabu, likaingia kabla yake. Ndani kulikuwa na vumbi, miguu ya madawati imeelekea juu, na buibui. Kwenye vumbi la dawati la kwanza kulikuwa na alama ya kiganja, laini, kama ya mtu aliyepapasa kichwa cha mtoto aliyelala.

Sista Pole alizichomoa funguo kitasani. Jengo lile liliwahi kuwa bweni la wadogo, lakini hilo lilikuwa kabla yeye hajazaliwa.

Alipofungua mlango wa bweni, watoto walimwagika nje kama maharage kutoka kwenye gunia lililopasuka. Wengine walimwangukia, wengine walipita juu yake. Wa mwisho kutoka hakutoka kwa miguu. Alikuwa yule mdogo wa pumu, waliyemwita Kijiko kwa udogo wake, amekanyagwa chini mlangoni, mkono umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Hakulia. Alimtazama Sista Pole akasema kwa upole mkubwa, "Sista, tulidhani mmetusahau."

Sista Mkuu alifika akiwa na rozari mkononi. Wote walimpisha. Aliwatazama watoto waliolala majanini wakikohoa, akamtazama matroni, na uso wake ukakunjamana kwa hasira ya kweli kabisa.

"Nani amewafungia hawa watoto?"

Mpishi aliangalia mwiko wake. Ndipo matroni akaharakisha kujifunga kitenge na kusema, "Ni kitasa, Sista Mkuu. Kitasa kimegoma. Si ndiyo, Sista Pole?"

Macho yote yalimjia, yeye na funguo zilizokuwa mkononi mwake. Alifungua mdomo. Akaufumba. Aliinamisha kichwa, na katika nyumba ile kuinamisha kichwa ni kusema ndiyo.

"Basi kipakwe grisi," Sista Mkuu akasema, akanyoosha mkono, akachukua funguo zake.

*

Ukumbini, kati ya ofisi na kanisa, zilitundikwa picha za masista wote waliowahi kuiongoza shule ile. Mwanzilishi alikuwa amekunja uso kama mtu aliyemeza kidonge bila maji. Yeye ndiye aliyeanza habari ya funguo. Siku zile wajomba na baba wadogo walikuwa wanakuja na tochi kuwachukua wasichana wakaolewe, hata aliyekuwa bado anacheza kamba. Mwanzilishi aliwafungia ndani, akatandika mkeka wake nje ya mlango, akalala juu yake. Aliwaahidi akina mama waliomletea watoto kwa siri kwamba mlango huo hautafungwa wala kufunguliwa na mkono mwingine wowote ila wake.

Aliyemfuata alichanganya saruji mwenyewe, akafundisha fizikia wakati watu wanaapa kuwa vichwa vya wasichana vitapasuka. Wa baada yake alisimama getini mbele ya wanajeshi walevi waliotaka kufunguliwa bweni. "Nimezimeza," aliwaambia kuhusu funguo. "Mnisubiri mpaka kesho." Inasemekana walicheka mpaka wakaondoka. Kila mmoja alizipokea funguo akiwa amepiga magoti mbele ya masista wote, na hakuna aliyeweza kuzitoa kiunoni ila yeye mwenyewe aliyezivaa.

Kisha akaja huyu wa sasa. Wasichana walimwita Bibi Alfajiri kwa kuwa kila siku yao ilianza kwake, naye alijua na alijifanya hajui. Sista Pole alikuwa mmoja wao zamani, mtoto wa kidato cha kwanza aliyekojoa kitandani kwa hofu ya ugeni. Bibi Alfajiri alibadilisha yale mashuka mwenyewe kabla wenzake hawajaamka, na hakulisema jambo hilo, si siku ile, si baadaye. Kwa mtoto yule mlio wa kitasa jioni haukuwa mlio wa kufungiwa. Ulikuwa kama mtu amekufunika blanketi mpaka kidevuni.

Sasa Sista Pole alipita chini ya zile picha akitembea upande upande, kama mwizi. Jua lilikuwa limeanza kuteremka. Likizama, viatu vitapita tena, na kitasa kitalia, na watoto watakuwa ndani. Kuni bado zilikuwa mbichi. Na kama kesho si kuni?

Alienda dispensari ya shule. Sista muuguzi, mwanamke mnene mwenye utani wa kila saa, alikuwa anamfunga Kijiko bandeji.

"Mwone shujaa wetu," muuguzi alisema. "Mfupa umevunjika, mdomo mzima. Ameniuliza kama atasamehewa mtihani wa hesabu."

"Je, nitasamehewa?" Kijiko aliuliza.

"Unaandika kwa mkono gani?"

"Huu mwingine."

"Basi Mungu anapenda hesabu. Lala."

Walitoka kibarazani. Muuguzi alianza kukunja taulo zilizokuwa zimeshakunjwa.

"Sista," Sista Pole alisema, "kitasa hakikugoma."

"Najua."

"Unajua?"

"Shusha sauti, mdogo wangu." Uso wa muuguzi ulikuwa umepotewa na utani wote. "Wiki iliyopita alikuja hapa akaniambia nimpe mama yake dawa ya kifua, amemwacha nje anasubiri. Mama yake! Nikatoka kumtafuta, mjinga mimi, ndipo nikakumbuka nilihudhuria mazishi yake. Nikampa maji ya uvuguvugu, akanywa, akaenda zake."

"Hukumwambia mtu?"

"Wewe umemwambia nani?" Muuguzi aliweka taulo chini. "Matroni ndiye anayemvalisha viatu, maana huvaa vya mguu mmoja. Sista wa jikoni humletea chakula tena akisahau kuwa amekula. Mwalimu wa dini humwandikia hotuba za paredi. Kila mtu ana kipande chake amekifumbata. Tunamtunza, Sista. Kwenye jubilei yake ya utawa atapumzika kwa heshima, na hakuna mwanafunzi atakayejua."

"Lakini jioni hii atafunga mlango."

Muuguzi alitazama upande wa bweni. Aliokota taulo, akaanza kuikunja upya.

"Kamwambie, basi," alisema mwishowe. "Wewe anakupenda. Sisi wengine anatupa kazi tu."

*

Alisimama nje ya ofisi akifuta viganja kwenye gauni. Alibisha kwa kucha, kama panya.

"Karibu, mwanangu."

Bibi Alfajiri alikuwa amekaa dirishani na miwani juu ya paji la uso, akitafuta miwani. Sista Pole alimwonyesha. Walicheka wote wawili, na kicheko kile kilikuwa kizuri na cha kawaida kiasi kwamba alitamani kiendelee mpaka giza liingie.

"Yule mtoto wa mkono anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Mama. Anaogopa hesabu tu."

"Kama wewe. Ulikuwa unaogopa hata namba za nyimbo." Kisha akamtazama, na macho yake yalikuwa makali na mazima, macho yale yale ya zamani yaliyoona kila kitu. "Umekuja kuniambia jambo. Sema."

Maneno yalikuwa tayari. Alikuwa ameyapanga njiani kama vyombo kabatini. Lakini aliona zile funguo zikipanda na kushuka taratibu kwa pumzi ya mwanamke mzee, akaona lile tumbo lililokonda chini ya mkanda, na hofu nyingine ikamshika, isiyo ya moshi wala mlango. Akiyasema, ni nani atakayekuwa ameketi pale dirishani baada ya hapo?

"Nilikuwa... naomba ruhusa, Mama. Uzi. Uzi mweupe, wa kushonea vitambaa vya altare."

Bibi Alfajiri alimkazia macho. "Uzi," alirudia.

"Ndiyo, Mama."

"Chukua kwa sista wa stoo."

Kwa neno stoo aliyaona tena madawati yale. Alishukuru, akatoka, akagonga mlango kwa bega. "Pole," akauambia mlango, na mara hii alijichukia.

*

Alasiri hiyo hiyo, kama kila Jumamosi, kabla ya masifu ya jioni, masista walikuwa na kikao chao cha udugu. Ni desturi ya shirika lao: wote huketi kwa duara, na kila mmoja kwa zamu hupiga magoti katikati na kusema alipokosea juma lile. Akishamaliza, mwenye neno la kumwonya mwenzake hulisema hapo hapo, kwa upendo, na likisemwa halirudiwi nje. Ndivyo kanuni ilivyosema. Kwa miaka mingi makosa yalikuwa ya sahani na kengele, na neno la onyo halikusikika.

Mwanga uliokuwa ukiingia dirishani ulishafika rangi ya chai. Sista wa jikoni alipiga magoti, akasema amechelewa sala. Mwalimu wa dini alisema amejisifu. Muuguzi alisema amekula maandazi ya wagonjwa. "Mangapi?" mtu akauliza, na duara likacheka kidogo, kicheko cha haraka cha watu wanaosikiliza kitu kingine. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza jua.

Zamu ikamfikia Sista Pole. Magoti yake yaligonga sakafu kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka.

"Nimeunguza kitambaa cha altare kwa pasi," alisema.

"Mungu akusamehe," Bibi Alfajiri alijibu. "Kuna lingine?"

Maneno "Hakuna lingine" yalikuwa mdomoni tayari. Kupitia dirisha aliwasikia wadogo wakichota maji, ndoo zikigongana, mmoja anaimba wimbo wa kipuuzi kuhusu mwalimu wa hesabu na wenzake wanampigia makofi. Hivi karibuni wataitwa ndani.

"Lipo, Mama. Kuhusu asubuhi ya leo. Ule mlango."

Viti vililia. Matroni hakuwa sista, lakini alialikwa kikaoni kwa ajili ya taarifa za bweni, na sasa alikuwa amekaa mlangoni akimtolea Sista Pole macho na kutikisa kichwa: hapana, hapana.

"Kitasa kimepakwa grisi," Bibi Alfajiri alisema. "Fundi kasema sasa kinateleza kama sabuni. Kuna lingine?"

Pumzi za chumba zilishuka. Alikuwa amefunguliwa njia ya kutokea, pana na safi. Ilimbidi tu ainamishe kichwa. Alihisi shingo yake yenyewe ikianza kuinama kwa mazoea, na ndipo akamwona tena Kijiko chini mlangoni, na ule upole aliokuwa nao, upole wa mtoto aliyekwisha kuwasamehe watu wazima kwa jambo ambalo halijaisha. Akaishikilia shingo yake isiiname.

"Grisi haitasaidia," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya kidato cha kwanza. "Kitasa hakikuwa na kosa."

"Basi kosa la nani?"

Muuguzi alikuwa amefumba macho na midomo yake inasali.

"Nilizikuta funguo stoo, Mama. Kitasani mwa ile ya madawati mabovu. Mlango ulikuwa wazi."

Bibi Alfajiri alifungua mdomo kukanusha, na mkono wake ukaenda kiunoni, ukazishika funguo, ukazigeuza moja moja kana kwamba moja ingemjibu. Sista Pole aliona kitu kikipita usoni mwake ambacho hakuwahi kukiona hapo kwa miaka yote. Kilikuwa woga. Haukuwa mpya. Ulikuwa woga uliozoeleka, wa mtu aliyekuwa akiuficha peke yake kila siku, chumbani mwake, asubuhi baada ya asubuhi.

"Niliwaamsha," mwanamke mzee alisema polepole. "Niliwasalimia. Walikuwa... walikuwa kimya sana."

"Hawakuwepo, Mama."

Nje, ndoo ya maji ilimwagika na watoto wakapiga kelele za furaha. Sista Pole alisogea kwa magoti yake mpaka miguuni pa kile kiti, machozi yakimwingia mdomoni, na hakumwomba mtu yeyote radhi.

"Unasahau, Mama. Wote hapa tunajua kwamba unasahau, na tumekuogopa kuliko tulivyowaogopea watoto. Mimi nakupenda, na jioni hii usiufunge ule mlango. Nipe funguo."